Majani ya Kaskazi Kwenye Uwanja wa Nyasi: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Nyumba wa Malindi

Kaskazi inapoanza kuvuma sawasawa mwezi wa Disemba, nyua za Malindi huanza kujaa majani, na hali hiyo huendelea hadi masika inapokaribia mwishoni mwa Machi. Mkungu hugeuka mwekundu na kupukutisha majani mapana yenye urefu wa shubiri nzima. Mwarobaini humwaga vijani vyake usiku kucha, mwembe na mkorosho hudondosha majani magumu karibu mwaka mzima, na kwenye nyumba zilizo jirani na ufuo mvinje hutandika sindano zake za kahawia juu ya nyasi mpaka kijani kisionekane. Mwenye nyumba aliyepanda ukoka au paspalamu kwa gharama, akaumwagilia maji ya kisima mwezi baada ya mwezi, ana haki ya kuuliza afanyeje.

Jibu lililozoeleka ni kufagia, kulundika na kutia kiberiti, au kumlipa mwenye mkokoteni ayapeleke majani jaani. Mwongozo huu unayapinga yote mawili. Udongo wa Malindi, hasa kwenye ukanda wa karibu na bahari, ni mchanga uliochanganyika na matumbawe yaliyosagika; haushiki maji, haushiki mbolea, na rutuba kidogo uliyo nayo imetokana kwa sehemu kubwa na majani yaliyoozea hapo hapo. Anayetoa gunia la majani nje ya lango lake, kisha mwezi unaofuata akanunua gunia la samadi, amelipa mara mbili kwa kitu ambacho mti wake ulikuwa unampa bure. Kwa hiyo kila hatua iliyoelezwa hapa chini inalenga kuyabakisha majani ndani ya ua, ila mahali panapofaa na kwa namna isiyoua nyasi.

Msimu wenyewe

Miongozo mingi inayopatikana kwenye intaneti imeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, ambako miti mingi hupukutika kwa pamoja kati ya Septemba na Novemba. Huko siku hufupika, baridi huingia, mti huivunja klorofili yake na kuyaachilia majani kabla ya barafu. Majani yaliyoanguka hulala chini miezi yote ya baridi karibu bila kuoza, na ndiyo maana wakazi wa huko huhimizwa kuyaondoa upesi kabla theluji haijayakandamiza juu ya nyasi.

Hapa kwetu sababu ni ukame. Mti hupukutisha majani ili upunguze maji unayoyapoteza hewani, kwa kuwa Januari na Februari, miezi mikavu kuliko yote, hupita karibu bila mvua. Joto la kuozesha tunalo mwaka mzima. Kinachokosekana wakati wa kaskazi ni maji, na masika inapoanza Aprili na kufikia kilele chake Mei, maji hayo huja mengi kwa mara moja. Ratiba yote ya kazi inategemea jambo hili: majani hukusanywa na kupangwa katika kaskazi, masika huyaozesha, na vuli ya Oktoba na Novemba huikuta mboji tayari kurudishwa kwenye nyasi. Anayefuata kalenda ya Ulaya atajikuta anafagia wakati hakuna majani na anapumzika wakati yamejaa.

Kila mti na majani yake

Kabla ya kushika ufagio, jua ni mti gani unaokupa kazi, kwa sababu majani hayafanani na hayastahili kutendewa mamoja.

Jani la mkungu likianguka likiwa na unyevunyevu hulala bapa, na matatu au manne yakigusana hufanya kifuniko ambacho maji ya kumwagilia hayapenyi. Likiachwa juani siku mbili tatu, kingo zake hukunjamana kwenda juu na hupasuka ukilikanyaga. Hapo ndipo linapofaa kukatwakatwa. Lina tanini nyingi, ambayo utaiona ukiliacha jani kwenye ndoo ya maji usiku mmoja na kukuta maji yamegeuka rangi ya chai ya rangi. Tanini hiyo ndiyo inayolifanya jani zima lichelewe kuoza. Mkungu hupukutika mara moja au mbili kwa mwaka, na unapoamua kupukutika haubakishi.

Mwarobaini, ambao wengine huuita mkilifi, hauna usumbufu huo. Vijani vyake ni vyembamba, hupenya katikati ya nyasi vyenyewe na kuoza kwa muda mfupi. Kuvifagia kutoka kwenye nyasi ni kujichosha bure. Vinapaswa kuondolewa tu kwenye sakafu, kwenye mifereji ya paa na juu ya mfuniko wa kisima.

Majani ya mwembe na mkorosho ni magumu mithili ya ngozi iliyokauka, na yakiachwa mazima yanaweza kukaa mwaka mzima bila kuoza vizuri. Zaidi ya hayo, majani ya mwembe yenye madoa meusi ya chule hubeba ugonjwa unaorudi kwenye maua na maembe ya msimu unaofuata, kwa hiyo yasitandazwe chini ya mwembe huo huo bali yaingizwe katikati ya lundo la mboji ambako joto ni kali. Maembe yaliyoanguka na kuoza yaokotwe kila siku na kufukiwa kwenye shimo la kina cha nusu mita, kwa kuwa nzi wa matunda huzaliana ndani yake.

Mvinje unahitaji maelezo marefu kidogo. Sindano zake hulala kwa tabaka zito, hukawia mno kuoza, na chini yake mimea mingine huota kwa shida. Tatizo hili lina historia mashuhuri hapa pwani. Katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, ambako upandaji wa miti ulianza mwaka 1971, mtaalamu René Haller alipanda mivinje juu ya mwamba mtupu wa matumbawe. Miti ikashika, lakini sindano zikarundikana bila kuoza, mpaka alipoleta majongoo wenye miguu myekundu wanaozila. Kinyesi cha majongoo hao kilikuwa mwanzo wa udongo uliokuja kubeba msitu mzima, ambao leo wageni huutembelea. Funzo kwa mwenye ua wa nyasi ni la moja kwa moja: sindano za mvinje zikwanguliwe kwa reki mara moja kwa wiki, zisiachwe zikashikana, zitumike kama matandazo kwenye njia na chini ya mivinje yenyewe, na jongoo anayeonekana akitembea humo asiuawe.

Mti mmoja unahitaji tahadhari, nao ni oleanda, ile yenye maua ya waridi au meupe iliyopandwa kwenye nyua nyingi za nyumba za wageni. Kila sehemu yake ina sumu. Majani yake yasipewe mbuzi, yasikatwekatwe juu ya nyasi mahali ambapo mbuzi au sungura hulishwa, na kwa hali yoyote yasichomwe, kwa maana hata moshi wake una madhara.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kufagia

Si kila jani lililo juu ya nyasi linahitaji kuondolewa. Simama wima, tazama chini ya miguu yako, na uangalie nyasi zinaonekana kwa kiasi gani. Ikiwa zaidi ya nusu bado inaonekana, waweza kuyaacha majani mpaka siku ya kukata nyasi. Ikiwa majani yameshikana mpaka nyasi hazionekani, yaondoe au yakate siku hiyo hiyo au siku inayofuata.

Katika kaskazi kuna nafasi ya kusubiri kidogo, kwa kuwa ukoka hupunguza kukua wakati wa ukame na tabaka jepesi la majani hulikinga ardhi dhidi ya jua la mchana. Katika masika hakuna nafasi hiyo. Majani mapana yakilala juu ya nyasi zenye maji kwa siku tatu au nne, nyasi zilizo chini hugeuka manjano, kisha kuvu huingia na kuacha mabaka yanayochukua wiki kadhaa kufunika.

Hatua ya pili: kukusanya

Wakati bora ni kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Upepo bado haujashika kasi, na umande umeyalainisha majani kiasi cha kutovunjika vipande chini ya reki. Anza kona ya kaskazini mashariki na uelekee kusini magharibi, kwa sababu ndiko upepo wa msimu huu unakokwenda. Anayefagia kinyume chake atafagia majani yale yale mara mbili. Wazee husema kwamba kufagia usiku hufukuza riziki, na hata asiyeshika imani hiyo atafanya vyema kuifuata, kwani usiku ndipo nge na tandu wanapotoka.

Kwa nyasi tumia reki ya meno membamba yanayonyumbuka, ya chuma au ya plastiki. Reki nzito ya meno mafupi, ile ya kusawazishia udongo, hung'oa vikonyo vya ukoka na kuacha mistari mitupu. Ufagio wa chelewa ni mzuri sana kwa sakafu na njia, na hufaa pia juu ya nyasi fupi iwapo utaushika kwa kuulaza, ncha za chelewa zikipita juu juu bila kuchimba. Ufagio uliokwisha tumika miezi michache hulainika, na ndio unaofaa kwa nyasi. Mpya uachie sakafu.

Usiyabebe majani kwa mikono kutoka kila lundo. Tandika turubai au jamvi chakavu upande upepo unakoelekea, sukumia majani juu yake, kunja pembe nne na uliburute hadi pale linapohitajika. Kwenye mchanga laini njia hii ni nyepesi kuliko wilbaro, ambayo gurudumu lake huzama. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini Kenya tangu Agosti 2017, na hata isingepigwa, gunia la katani au pakacha lingeifanya kazi hii vizuri zaidi kwa kuwa majani hupumua ndani yake.

Vaa viatu vilivyofunika vidole na glavu ngumu. Lundo lililolala usiku mmoja ligeuzwe kwanza kwa reki kabla ya mkono kuingia ndani. Kisha chambua: karatasi za plastiki na vifuniko vya chupa vilivyoletwa na upepo viende kwenye pipa la taka, vijiti na pongoo za mnazi (uti mgumu wa katikati ya kuti) viwekwe kando kwa kazi itakayoelezwa, na majani yabaki peke yake. Uchambuzi huu unaendana pia na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, ambayo inataka taka zinazooza zitenganishwe na zile zisizooza.

Hatua ya tatu: kukatakata juu ya nyasi

Hii ndiyo njia yenye kazi ndogo na faida kubwa, nayo hutumika kidogo kuliko inavyostahili. Mwenye mashine ya kukatia nyasi ya magurudumu aondoe mfuko wa kukusanyia, ainue kisu mpaka kimo cha sentimita tano hivi, asubiri umande ukauke, kisha apite juu ya majani mara mbili, mara ya pili akikingamisha njia aliyopita mwanzo. Majani yanapaswa kuwa vipande visivyozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Vipande hivyo huteremka katikati ya nyasi, huzuia jua lisiuchome udongo, na mvua za kwanza huvigeuza chakula cha nyasi. Ukimaliza, angalia tena: nyasi zote zinapaswa kuonekana zimesimama juu ya vipande. Zikiwa zimefunikwa, majani yalikuwa mengi mno. Yaliyozidi yakusanye na kuyapeleka kwenye lundo. Kwa majani ya mkungu, fanya kazi hii kila wiki katika kipindi cha kupukutika, usingoje mti umalize.

Wengi wa Malindi hawana mashine ya magurudumu bali hukatiwa nyasi na fundi mwenye mashine ya kubeba begani. Mashine hiyo hupeperusha majani badala ya kuyakata. Hata hivyo, yapo matumizi yake mazuri: jaza pipa kubwa nusu yake kwa majani makavu, fundi aingize kichwa cha mashine chenye kamba ya nailoni, kamwe si chenye kisu, na aizungushe ndani kwa dakika moja au mbili. Majani hayo hushuka mpaka sehemu ndogo ya kimo chake cha mwanzo. Anayefanya kazi hii avae miwani ya kukinga macho na kufunga mdomo kwa kitambaa, kwani vumbi lake ni kali. Asiye na mashine yoyote ayaanike majani sakafuni juani siku nzima na kuyakanyaga kwa viatu jioni. Yatavunjika vya kutosha kwa kazi ya mboji, ingawa si kwa kuyarudisha juu ya nyasi.

Vijidudu vinavyoozesha majani makavu huchukua naitrojeni kutoka kwenye udongo, na nyasi zaweza kufifia kwa muda. Samadi ya mbuzi iliyokauka na kusagwa, ikinyunyizwa kidogo kidogo kisha ikamwagiliwa, huondoa upungufu huo.

Hatua ya nne: matandazo

Majani yasiyofaa kukatwa juu ya nyasi yatandazwe chini ya miti na kwenye vitalu vya maua. Mpapai, mgomba, mlimau na mnazi mchanga hufaidika sana. Kwanza mwagilia udongo, ndipo utandaze tabaka la sentimita tano hadi kumi, ukiacha nafasi ya shubiri moja kuzunguka shina ili gome lisioze. Laza pongoo kadhaa juu yake. Bila hizo, upepo wa alasiri utayarudisha majani yote kwenye nyasi. Matandazo yasikaribie ukuta wenye boriti au nguzo za makuti kwa umbali usiopungua mita moja, kwa sababu ya mchwa.

Hatua ya tano: mboji

Yote yaliyosalia huenda kwenye mboji, ambayo wengi huifahamu kwa jina la mboleavunde. Chagua mahali penye kivuli, mbali na kisima. Lundo linaloanzishwa katika kaskazi linafaa liwe kwenye shimo la kina kifupi, nusu mita au chini ya hapo iwapo mwamba wa matumbawe umekuzuia, kwani shimo huhifadhi unyevu. Masika ikikaribia, yapandishe yaliyomo juu ya ardhi, kwa maana shimo lililojaa maji huzuia hewa na kuanza kunuka. Kingo za lundo zaweza kujengwa kwa mawe au kwa pongoo zilizosimikwa na kufungwa pamoja kwa kamba. Ukubwa usipungue mita moja kwa urefu, upana na kimo. Dogo kuliko hapo halipati joto.

Chini kabisa panga makumbi ya nazi na vijiti ili hewa ipite. Juu yake weka majani makavu yaliyovunjwavunjwa, kina cha sentimita ishirini, kisha tabaka la sentimita tano hadi saba la kitu chenye naitrojeni: nyasi mbichi zilizokatwa, samadi, maganda ya ndizi na mboga. Mwagilia, rudia, na umalizie kwa majani makavu. Wataalamu hulenga kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni sehemu moja, na kwa kipimo cha macho hiyo ni takriban ndoo tatu za majani makavu kwa ndoo moja ya vitu vibichi. Kule Lamu samadi ya punda hupatikana kirahisi nayo inafanya kazi vizuri. Mwani uliotupwa ufuoni wakati wa kusi pia unafaa ukisuuzwa chumvi, mradi usiuokote ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, ambako kuchukua kitu hakuruhusiwi. Machicha ya nazi yafukiwe katikati, la sivyo yatavuta siafu na panya. Vichwa vya samaki visiingie humo kabisa, isipokuwa kwa anayetaka kuwafahamu paka wa mtaa mzima.

Unyevu ndio unaoamua kila kitu. Chukua konzi ya mchanganyiko kutoka katikati na uukamue: matone mawili matatu yakitoka kati ya vidole, hali ni nzuri, lisipotoka hata moja, ongeza maji, maji yakichuruzika, ongeza majani makavu. Katika Februari lundo huhitaji maji mara mbili kwa wiki, na si lazima yawe maji ya kununua. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatosha, na ya kuoshea vyombo pia iwapo sabuni si nyingi. Maji ya kisima yenye chumvi kali yatumike kidogo tu, kwa kuwa chumvi hubaki ndani ya mboji na hatimaye hufika kwenye nyasi. Funika lundo kwa makuti au gunia.

Baada ya siku tatu hadi tano, chomeka kipande cha nondo hadi katikati, kiache dakika tano, kisha ukichomoe. Kikiwa cha moto kiasi cha kushindwa kukishika, joto limefikia nyuzi 55 au zaidi, kiwango kinachoua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Kisipopata joto, lundo ni kavu au limekosa vitu vibichi. Geuza kila baada ya wiki mbili, ya nje yaende ndani na ya ndani yaje nje. Likimwagiliwa na kugeuzwa hivyo, mboji huiva kwa miezi mitatu au minne. Likiachwa lenyewe, huiva baada ya masika kupita.

Sasa jambo ambalo miongozo ya ng'ambo haitakuambia. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi na kuacha makuti yaliyokatika pembe pembe, hutaga mayai kwenye malundo yanayooza: mboji, samadi, na magogo ya minazi iliyokufa. Lundo lisilogeuzwa chini ya mnazi ni kitalu chake. Kwa hiyo liweke mbali na minazi kadiri ua unavyoruhusu, na kila unapogeuza tafuta funza wakubwa weupe, wanene kama kidole, wenye kichwa cha kahawia na waliojikunja. Waokote wote uwape kuku, ambao hukimbilia wakisikia tu sauti ya jembe. Ua ulio na minazi na hauna mtu wa kugeuza lundo ni afadhali ubaki na matandazo peke yake.

Kuhusu moto

Biwi la moto lina watetezi wake, na hoja yao ya kufukuza mbu ina ukweli kidogo kwa saa moja ya magharibi. Lakini naitrojeni karibu yote huondoka na moshi. Majivu yanayobaki huongeza magadi kwenye udongo wa matumbawe ambao tayari pH yake imezidi 7, na udongo wa namna hiyo huzifunga nyasi zisipate madini ya chuma, zikapauka hata zikimwagiliwa. Na kubwa kuliko hayo ni paa za makuti. Cheche moja katika alasiri ya kaskazi huweza kuvuka nyua tatu kabla mtu hajafika na ndoo.

Paa, mifereji na jabia

Kabla ya masika kuanza, panda ukasafishe mifereji ya paa. Majani yakiziba mfereji, maji hutuama, na mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga katika maji ya namna hiyo. Kwa nyumba inayovuna maji ya mvua kwenye tangi, au kwenye jabia kama ilivyo desturi ya Lamu, weka wavu kwenye mdomo wa bomba na uache mvua ya kwanza ipite nje. Majani yaliyolala juu ya makuti yafagiliwe kuelekea chini tu, kufuata mwelekeo wa makuti yenyewe. Ufagio ukipandishwa huyafumua.

Hatua ya mwisho: kuirudisha mboji kwenye nyasi

Mboji iliyoiva ni nyeusi, hupukutika mkononi na hunukia udongo wa mvua ya kwanza. Ichekeche kwa wavu wa kuchekechea mchanga wa fundi mwashi. Yaliyobaki juu ya wavu, hasa vikonyo vya mkungu na nyuzi za makumbi, yarudi kwenye lundo jipya. Kata nyasi fupi kidogo, lakini usiondoe zaidi ya theluthi ya kimo chake, kisha tawanya mboji kwa tabaka lisilozidi sentimita moja na uipitishie ufagio wa chelewa uliolainika mpaka iteremke chini na nyasi zionekane. Mwagilia siku hiyo hiyo. Kazi hii ifanywe mwanzoni mwa vuli, au mwanzoni mwa masika kwa mboji iliyobaki ya mwaka uliopita. Ikifanywa katikati ya kaskazi, upepo utaichukua nusu yake hadi kwa jirani.

Yasitumike majani yote kabla ya mvua. Jaza magunia mawili matatu ya majani makavu na uyahifadhi mahali pasiponyeshewa, kwa sababu kuanzia Aprili taka za jikoni huwa na maji mengi na majani makavu hayapatikani. Kila ndoo ya mabaki ya mboga inayomwagwa kwenye lundo ifuatwe na ndoo tatu kutoka kwenye gunia. Magunia hayo yawekwe juu ya mbao au mawe, yasiguse sakafu wala ukuta, maana mchwa hulifikia gunia lililo chini kabla ya mwezi kwisha.